Geuza pakiti kabla ya kuitia kikapuni

KIZURI chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ya wahenga yafaa kukumbukwa kila tunapoingia dukani kununua chakula. Ni nadra sana kuona tangazo la sukumawiki katika televisheni. Maharagwe hayana mwimbaji wa kuyasifu redioni, wala hakuna anayechora picha ya nduma ubavuni mwa matatu. Lakini soda, biskuti, krispi, soseji, tambi za dakika mbili na vinywaji vya rangi rangi hutangazwa usiku na mchana, kwenye mabango ya barabarani, na siku hizi hata kwenye simu ambazo watoto wetu huchezea.

Madhumuni ya makala haya si kumtisha msomaji wala kumshauri arudie kinu na mchi. Ni kumwonyesha jambo moja ambalo litamfaa kila aendapo dukani: upande wa mbele wa pakiti huandikwa na mtu anayetaka kuuza, ilhali upande wa nyuma huandikwa kwa sababu sheria inataka. Wengi wetu husoma mbele pekee, kisha tukashangaa daktari anapotuambia kwamba sukari imepanda au kwamba damu ina shinikizo.

Na si wachache wanaoambiwa hivyo. Katika uchunguzi wa kitaifa uliofanywa na Wizara ya Afya mwaka wa 2015, karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne alipatikana na shinikizo la damu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa 2008-09 ulionyesha kwamba robo ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani uliopita kiasi. Kufikia utafiti wa 2014, idadi hiyo ilikuwa imepanda hadi theluthi moja, na mijini ilikuwa kubwa zaidi kuliko mashambani. Chakula si sababu ya pekee, kwani kukosa mazoezi, pombe, sigara na urithi wa familia pia huchangia. Hata hivyo, chakula ni jambo ambalo mtu anaweza kulibadilisha leo hii.

Si kila cha kiwandani ni kibaya

Kwanza tuondoe dhana potovu. Kusindika chakula si kosa. Maziwa hupashwa moto kiwandani ili kuua viini vya maradhi kama vile kifua kikuu na brusela. Chumvi ya kupikia hutiwa madini ya ayodini ili kuzuia ugonjwa wa rovu. Tangu 2012, sheria ya Kenya imewataka wenye viwanda kuongeza vitamini na madini, yakiwemo madini ya chuma, katika unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa pakiti.

Kwa hivyo, swali si kama chakula kimepitia kiwandani, bali ni kwamba kilifanyiwa nini huko. Mwaka wa 2009, Profesa Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo nchini Brazil alipendekeza njia ya kuvigawa vyakula ambayo sasa hutumiwa na watafiti wengi duniani. Tuielewe kwa mfano wa mahindi.

Mahindi ya kuchoma au ya kuchemsha ni chakula cha asili. Mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwa mahindi ni kiungo cha kupikia. Mahindi ya mkebe yaliyotiwa maji na chumvi ni chakula kilichosindikwa. Lakini vile vitafunio vya mahindi vilivyofurishwa kwa mashine, vikatiwa mafuta, chumvi, rangi na ladha ya jibini bila jibini yenyewe, ni chakula kilichosindikwa kupita kiasi. Mhindi umo humo, lakini hata mkulima aliyeupanda hawezi kuutambua.

Njia rahisi ya kukitambua chakula cha aina hiyo ni kusoma orodha ya viungo. Ukikuta vitu ambavyo huwezi kuvipata katika jikoni ya kawaida, kama vile rangi, ladha za maabara, vitu vya kugandisha na sukari za majina ya kigeni, basi unajua ulichoshika mkononi.

Kwa nini mlaji hashibi

Mwaka wa 2019, watafiti wa taasisi ya kitaifa ya afya ya Marekani, wakiongozwa na Dkt Kevin Hall, walichapisha matokeo ya jaribio lililowavutia madaktari wengi. Watu wazima 20 walikaa hospitalini kwa mwezi mmoja. Kwa majuma mawili walipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, na kwa majuma mengine mawili wakapewa vyakula ambavyo havikusindikwa hivyo. Vyakula walivyoandaliwa vya aina zote mbili vililinganishwa kwa kiasi cha sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliruhusiwa kula apendavyo.

Walipokuwa wakila vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, watu hao walikula takriban kalori 500 zaidi kila siku na kuongeza karibu kilo moja ya uzani. Walipopewa vyakula vya kawaida, walipunguza kiasi kama hicho.

Sababu moja ni kwamba vyakula hivi ni laini na humezwa upesi. Tumbo huhitaji muda ili kuujulisha ubongo kwamba limejaa, na anayekula haraka huwa amekwisha kupitisha kiasi kabla ya habari hizo kufika. Isitoshe, vingi vina kalori nyingi katika tonge dogo. Mtu anayekula viazi viwili vitamu vya kuchemsha hutosheka, ilhali yule aliyefungua pakiti ya krispi hupapasa hadi aguse chini.

Sukari ya kunywa

Hakuna mahali sukari hujificha vyema zaidi kuliko ndani ya chupa. Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO), katika mwongozo wake wa 2015, lilipendekeza kwamba sukari inayoongezwa katika chakula na vinywaji, pamoja na ile iliyo katika asali na sharubati, isipite asilimia 10 ya nguvu tunazopata kutokana na chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida, hiyo ni kama gramu 50 kwa siku, au vijiko 12 vya chai. Shirika hilo liliongeza kwamba ingekuwa bora zaidi kutozidi nusu ya kiasi hicho, yaani vijiko sita.

Sasa tufanye hesabu. Soda nyingi za kola zenye sukari huwa na takriban gramu 10.6 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya nusu lita basi ina gramu 53. Kijiko cha chai hubeba kama gramu nne, kwa hivyo mnywaji ameteremsha vijiko 13. Ni nani angekubali kuinywa chai iliyotiwa vijiko 13 vya sukari? Lakini soda ni baridi na ina gesi na tindikali, kwa hivyo ulimi hauhisi utamu wote huo.

Sukari ya kunywa haishibishi kama chakula cha kutafuna. Huingia katika damu upesi na kukilazimu kiungo kiitwacho kongosho kutoa insulini kwa wingi. Inapokuwa ni desturi ya kila siku, mwili hunenepa, mafuta hujaa kwenye ini, na hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili huongezeka. Meno nayo huoza, hasa ya watoto wanaonyonya chupa ya kinywaji kitamu polepole mchana kutwa.

Wapo pia wanaodhani kwamba kinywaji chekundu huongeza damu, na ndiyo maana wagonjwa hospitalini hupelekewa chupa za vinywaji vya rangi ya zambarau. Damu huongezwa na madini ya chuma na folati, ambayo hupatikana katika maini, nyama, maharagwe, ndengu na mboga za kijani. Rangi ya kinywaji haina uhusiano wowote na rangi ya damu.

Jambo moja lisisahaulike. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au tembe fulani akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, huenda sukari yake imeshuka mno. Maadamu ana fahamu na anaweza kumeza, soda yenye sukari ni huduma ya kwanza wala asinyimwe.

Chumvi ambayo hukuitia wewe

Wagonjwa wengi wa shinikizo la damu husema kwa uaminifu kwamba hawaongezi chumvi mezani. Ni kweli. Chumvi hiyo tayari imo ndani ya mkate, soseji, krispi, tambi za dakika mbili na viungo vya mchuzi vya pakiti. Mara nyingi, chumvi ndiyo ya kwanza au ya pili katika orodha ya viungo vya pakiti hizo za mchuzi, na mpishi huongeza nyingine juu yake.

WHO inapendekeza mtu mzima asile zaidi ya gramu tano za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo ni ya chakula chote. Pakiti nyingi hazitaji chumvi bali sodiamu, ambayo ni sehemu tu ya chumvi. Ili kupata kiasi cha chumvi, zidisha sodiamu mara mbili na nusu. Ikiwa pakiti ya tambi inasema ina miligramu 1,000 za sodiamu, basi ina gramu 2.5 za chumvi. Hiyo ni nusu ya kiasi cha siku nzima katika bakuli moja.

Chumvi ikizidi, mwili huhifadhi maji, damu huongezeka katika mishipa na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Miaka ikipita, mishipa hukakamaa, na mwisho wake huwa ni kiharusi, moyo kushindwa kazi au figo kuharibika. Familia iliyo na mgonjwa wa kusafishwa damu mara mbili kwa juma haihitaji kuelezwa gharama yake.

Soseji, smoki na mafuta magumu

Smoki za kupasuliwa na kutiwa kachumbari zimekuwa kiamshakinywa cha wafanyakazi na wanafunzi wengi mijini. Msomaji anapaswa kujua kwamba mwaka wa 2015 taasisi ya WHO inayoshughulikia utafiti wa saratani iliweka nyama zilizosindikwa, zikiwemo soseji na bekoni, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ilikadiria kwamba kula gramu 50 za nyama hizo kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Haina maana kwamba soseji moja ya sikukuu itakuua. Maana yake ni kwamba nyama hizi hazifai kuwa chakula cha kila siku, hasa kwa mtoto.

Kuhusu mafuta, yanayotisha zaidi ni yale ya maji yaliyotiwa hidrojeni kwa kiasi ili yagande. Huleta mafuta ya trans, ambayo huongeza kolesteroli mbaya na kupunguza ile nzuri. Yamekuwa yakitumiwa katika baadhi ya biskuti, keki na majarini. Mwaka wa 2018, WHO ilizitaka nchi zote kuyaondoa katika vyakula vya viwandani kufikia 2023. Ukiona neno hidrojeni katika orodha ya viungo, afadhali uirudishe pakiti kwenye rafu.

Hila za maneno

Watangazaji ni werevu, na aghalabu hawasemi uongo. Husema ukweli usio na maana. Mfano mzuri ni maneno ‘haina kolesteroli’ kwenye chupa ya mafuta ya kupikia. Kolesteroli hupatikana katika vyakula vitokanavyo na wanyama. Mafuta ya mimea hayana kolesteroli ya kuhesabika, yawe ya ghali au ya bei nafuu. Ni sawa na kuuza maji kwa kutangaza kwamba hayana mifupa.

Maneno ‘yenye vitamini’ nayo hubandikwa juu ya vinywaji na biskuti ambazo zimejaa sukari. Vitamini chache zilizoongezwa haziondoi hata kijiko kimoja cha sukari hiyo. Kinywaji ‘chenye ladha ya embe’ huenda kina embe kidogo mno au hakina kabisa. Mkate wa rangi ya kahawia si lazima uwe wa ngano isiyokobolewa, kwani rangi hiyo inaweza kutiwa. Na glukosi inayotangazwa kuwa huleta nguvu ni sukari tu iliyobadilishiwa jina.

Wengine hudanganyika kwa alama ya ubora ya shirika la serikali la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS. Alama hiyo ni muhimu, na bidhaa inayostahili kuwa nayo isiponunuliwe bila alama hiyo. Lakini huthibitisha kwamba bidhaa imetimiza viwango vilivyowekwa. Haithibitishi kwamba inafaa kuliwa kila siku. Hata soda huwa na alama hiyo.

Kisha kuna pakiti ndogo ndogo za kile tunachokiita uchumi wa kadogo. Zimewasaidia watu wa mapato ya chini kupata sabuni na mafuta ya kupikia. Hata hivyo, zimewezesha pia biskuti na krispi kuuzwa kwa sarafu ambayo mtoto hupewa na mamake aendapo shuleni.

Walengwa ni watoto

Angalia bidhaa zinazowekwa karibu na mahali pa kulipia katika supamaketi, kwenye kimo cha macho ya mtoto. Angalia katuni zilizo juu ya pakiti, zawadi zilizo ndani yake, na vioski vilivyo mkabala na lango la shule ambavyo vimepakwa rangi za kampuni ya vinywaji. Hayo hayakutokea kwa bahati. Mtoto anayeipenda ladha fulani akiwa na miaka minne ni mteja wa miaka hamsini.

Hata watoto wachanga hawajaachwa. Mwaka wa 1981, Baraza la Afya Ulimwenguni lilipitisha kanuni za kudhibiti uuzaji wa maziwa yanayochukua mahali pa maziwa ya mama, na mwaka wa 2012 Kenya ikatunga sheria yake. Hata hivyo, bado kuna haja ya kuwa macho. Mnamo Aprili 2024, shirika la Uswisi la Public Eye lilitoa ripoti kwamba nafaka za watoto za kampuni ya Nestlé zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, Asia na Amerika Kusini zilikuwa zimeongezwa sukari, ilhali zile kuu zilizouzwa Uswisi hazikuongezwa. Kampuni hiyo ilijibu kwamba hufuata sheria za kila nchi na kwamba imekuwa ikipunguza sukari hiyo. Funzo kwa mzazi ni kwamba jina kubwa halitoshi. Ni lazima kusoma.

Sheria zinaweza kusaidia

Si haki kumtwika mnunuzi mzigo wote. Mwaka wa 2016, Chile iliwalazimu watengenezaji kuweka alama nyeusi mbele ya pakiti yoyote iliyozidisha sukari, chumvi, mafuta mabaya au kalori, na ikakataza katuni juu ya pakiti hizo. Mwaka huo huo, Afrika Kusini ilianza kutekeleza viwango vya juu vya chumvi katika mkate na vyakula vingine, na mwaka wa 2018 ikaanza kutoza ushuru wa sukari katika vinywaji.

Hapa kwetu, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji na haki ya kulindwa afya yake. Kifungu hicho hicho kinalitaka Bunge litunge sheria za kuhakikisha kwamba matangazo ni ya haki, ya kweli na ya heshima. Wazazi wana kila sababu ya kuwauliza wabunge wao haki hiyo inawalindaje watoto kwenye lango la shule.

La kufanya kuanzia leo

Kwanza, igeuze pakiti. Viungo hupangwa kwa uzani, kile kilicho kingi kikitangulia. Sukari, mafuta au chumvi ikiwa miongoni mwa vitatu vya kwanza, jihadhari. Kumbuka kwamba majina mengi ya Kiingereza yanayoishia kwa herufi o-s-e ni sukari.

Pili, linganisha kwa gramu 100 au mililita 100, wala si kwa kipimo cha kula ambacho kampuni imejichagulia. Kipimo hicho huenda ni biskuti mbili, na hakuna mtoto anayekula mbili.

Tatu, fanya maji kuwa kinywaji cha nyumbani, na soda iwe ya sherehe. Chai ipunguzwe sukari kidogo kidogo, nusu kijiko kila baada ya juma moja au mawili. Ulimi utazoea.

Nne, mtoto afungiwe ndizi, yai la kuchemsha, njugu, kiazi kitamu au mhindi. Katika vibanda vingi vya sokoni, hivi havina bei kubwa kuliko vitafunio vya pakiti vinavyoshibisha kama hivyo.

Tano, najua kwamba anayetoka kazini saa mbili usiku baada ya msongamano wa magari hana nguvu za kuchemsha githeri. Basi maharagwe na mahindi yachemshwe kwa wingi siku ya mapumziko, yagawanywe na kuhifadhiwa kwenye friji, kisha yakaangwe kidogo kidogo. Asiye na friji anaweza kutegemea ndengu na omena, ambazo huiva haraka.

Mwisho, aliyefikisha miaka 40, au ambaye mzazi wake ana kisukari au shinikizo la damu, apimwe damu na sukari angalau mara moja kwa mwaka. Maradhi haya huanza bila maumivu, na wengi huyagundua baada ya figo au macho kuharibika. Aliyekwisha kuandikiwa dawa asiziache kwa kuwa amebadilisha chakula, bali azungumze kwanza na daktari wake.

Mtangazaji atalipwa, ule au usile. Gharama ya matibabu itakuwa yako. Safari ijayo dukani, kabla ya kuitia pakiti kikapuni, igeuze na uisome.